Kozi Niliyoikwepa

Matinyani

Mjukuu wangu Mwende,

Huku tu wazima. Susu, nyanya yako, anakusalimu. Mbaazi zimekubali mwaka huu, ila meno yangu ya kuzitafuna ndiyo yanapungua.

Unauliza kama uende ile kozi, na huku mwenzako wa kazini Kioko anakikodolea macho kiti chako. Shuku hizo umezirithi kwangu, pole.

Nilipokuwa afisa wa kilimo Kitui, mkubwa wetu akikaribia kustaafu, barua ilikuja: niende kozi miezi sita. Nikajua tu ni njama ya mwenzangu Musyoka, anitoe njiani. Nikasingizia mgongo. Wiki nzima nilitembea nimeinama, mpaka susu yako akanichemshia dawa chungu, nami nikainywa.

Musyoka akatumwa badala yangu. Aliporudi na cheti, akafanywa mkubwa wetu.

“Bwana Mutinda,” akaniambia, “jina lako nililipendekeza mimi. Mgongo unaendeleaje?”

Sikwambii umwamini huyo Kioko. Mimi mwenyewe mpaka leo sijui kama Musyoka alisema kweli. Najua tu kwamba kiti changu nilikilinda miaka kumi na mitano, na hakuna mtu aliyewahi kukitaka.

Babu yako