Majuto kwa Alama Tano

Jumanne, Bonga

Maswali arobaini! Na mimi, niliyejifunza Kiswahili nikiuza ngozi mnadani, nimeyatafsiri yote kwa Kidatoga, lugha yetu wafugaji, pale gerezani, bila hata maji ya kunywa.

Mzee Gwandu anapimwa akili waone kama anafaa kutoka mapema. Alimvunja mtu mguu kwa fimbo kwenye ugomvi wa malisho. Swali la kumi na saba: "Unajuta kiasi gani, moja hadi tano?"

Mzee akanigeukia. "Mwanangu, kwani wale ng'ombe saba hawakufika?"

Walifika. Aliyevunjwa aliwapokea, wakanywa pombe ya asali pamoja. Kwetu jambo likishalipwa halitajwi tena. Anayelitaja anaanzisha ugomvi upya. Nikamweleza mtaalamu wa saikolojia hivyo hivyo.

"Kaka, fomu haina sehemu ya ng'ombe," akasema. "Amesema anajuta au hajasema?"

"Hajasema."

Akaizungushia duara namba moja. Maswali ya majuto ni kumi, alama zinazotakiwa thelathini. Mzee kapata kumi tu, moja kila swali.

Aliyefuata, nikiwa bado nimekaa pale, ni tapeli wa viwanja wa hapa mjini. Hajarudisha hata kiwanja kimoja, ila alilia na kusema "najuta" mara sita. Nilihesabu. Kapata arobaini na nane! Kumbe kujuta ni kusema tu, na sisi tunaotoa mifugo...

Mwishoni nikapewa karatasi ya kuthibitisha kwamba nimetafsiri kilichosemwa, bila kuongeza. Neno moja la kuongeza, "najuta", kwenye maswali yale kumi lingemtoa yule mzee.

Nimesaini. Kazi yangu haina kosa hata moja, na mzee amebaki ndani.