Jaji Kaniambia Nisipige Kelele

Darlene, uamuzi wa rufaa ya Verlin ya kudai fidia ya masikio umetoka. Nimesoma mara mbili na bado siwaamini hawa watu.

Unakumbuka kile kikao cha video, nilikwambia yule jaji ana lake? Aliyeharibiwa masikio na mizinga ya jeshi ni Verlin, lakini maswali yote ananiuliza mimi. Mlioana lini. Nani anapokea simu. Nikajua huu mtego, anataka nijichanganye.

Halafu akasema, "Bi Tackett, huna haja ya kupiga kelele. Nakusikia."

Nakusikia, shoga. Mbele ya wakili wetu. Nikajua nimetuharibia.

Sasa sikia walichoandika. Wametukubalia, watu waliotukatalia mara mbili, na sababu eti ni mimi. Eti shahidi alipiga kelele kikao kizima bila kujijua. Eti kila alipotaka kusema na mumewe, alimgusa mkono kwanza ili amtazame mdomo.

Mimi? Namgusa mkono saa ngapi?

Nikaenda jikoni kumuuliza Verlin kama ni kweli. Kabla sijafungua mdomo, mkono wangu ulishakuwa juu ya wake.