Saida, Muganga Hakukukataza Kutembea

Mdogo wangu Saida,

Amahoro, amani iwe kwako. Sitajifanya kukuuliza hali, kwa sababu mwezi uliopita nilikuona kwa macho yangu huko Kabonga, na sikukuita.

Nilikuwa nimefuata mihogo. Ulipita na beseni la ndagala, dagaa wetu wa ziwani, kichwani, umevaa viatu vya kufunika vidole, unacheka na wanawake wenzako. Kabla ya kuanza kuuza ulikaa, ukavua viatu, ukakagua nyayo zako, hata katikati ya vidole. Ukala kidogo, ukainuka. Mimi nilikuwa nyuma ya magunia, nimejikunja kama mwizi. Niliona haya kukukuta na nguvu zako, maana mimi ndiye niliyekunyima nguvu hizo kwa miaka miwili.

Unakumbuka siku ulipoanguka ufukweni kwetu Rumonge? Ulikuwa unageuza ndagala juu ya vichanja, jua bado changa. Tulikupakia kwenye pikipiki, mimi nyuma nimekushikilia, na njia nzima ukawa unaniuliza, "Dada, nani anafukuza ndege?" Kwenye kituo cha afya walipima damu, wakasema ni ugonjwa wa sukari. Ule ule uliomchukua mama. Mimi nililia mpaka ukanibembeleza, wewe mgonjwa.

Ulipolala, yule muuguzi mrefu, ambaye sote tunamwita muganga, aliniita pembeni. Akaniambia, "Akitoka hapa asikae tu. Atembee kila siku, hata kidogo. Ameze dawa, achunge miguu isipate kidonda, arudi kwa kazi yake polepole. Ugonjwa huu iko wa kuishi nao."

Nikamshukuru, "Murakoze." Nikarudi kitandani kwako. Ulifungua macho ukauliza, "Muganga amesema nini?"

Nikasema, "Amekataza kazi. Amekataza hata kutembea."

Maneno hayo, Saida, hayakutoka kinywani mwake. Niliyatunga mimi, pale pale, nikikutazama usoni.

Unajua mama alianguka njiani akitoka Minago na mawese. Asubuhi ile aliniambia kichwa kinamzunguka, nami nikamwacha aende. Hilo sikuwahi kukwambia. Tangu hapo nilidhani mwendo ndio uliomuua, na wewe nilitaka nikuweke mahali ninapokuona.

Basi nikagawa vichanja vyako bila kukuuliza. Nikakuwekea kiti mlangoni. Nilikupikia, nilikuosha miguu, majirani wakanisifu mbele yako, na wewe ukainamisha kichwa. Sukari haikushuka. Ulinenepa, miguu ikaanza kufa ganzi, ukaacha hata kuimba. Uliniomba nikuruhusu ufike ziwani tu, uone mitumbwi ikirudi, nami nikakataa. Siku ulipokwenda kwa kuiba nilikufuata, nikakupigia kelele mbele ya wavuvi, "Unataka kufa kama mama?" Ulirudi nyumbani nyuma yangu. Nikaona nimeshinda.

Wiki ile ile ulikwenda Kabonga kwenye harusi kwa shangazi, hukurudi. Ulinipigia simu mara moja tu. "Dada, huku natembea. Kama ni kufa, nife nikitembea."

Hukufa. Shangazi alinieleza baadaye: alikupeleka kwa waganga wa kituo cha afya cha huko, wakakwambia utembee. Mara ya kwanza ulifika bombani ukarudi unalia. Kesho yake ukafika bombani tena. Kuna siku sukari ilishuka ukatetemeka njiani, ukajifunza kubeba kitu cha kula. Kuna siku unachoka, unalala, na hakuna anayekufungia mlango. Yote hayo ungeyaanza hapa kwetu, nikikushika mkono.

Na kuna jingine. Uliwaambia watu kwamba muganga wa Rumonge nusura akuue kwa kiti. Ungejuaje? Habari zilifika hapa na wanawake wa ufukweni wakaanza kumkwepa. Nilisikia akisemwa vibaya, mimi nikachambua ndagala kama kiziwi.

Nilipotoka Kabonga nilikwenda kwake, nikamweleza yote. Alikuwa anakunja bandeji. Hakuacha.

"Kwa nini ulifanya hivyo?"

"Niliogopa."

"Na yeye hakuogopa?"

Nikamwomba msamaha. Akasema, "Maneno ya watu mimi nitayavumilia. Mwambie mwenye miguu."

Ndiyo maana barua hii haina bahasha. Uongo wangu ulisikika na wengi, na ukweli wangu usikike hivyo hivyo. Sikuombi urudi. Wala sikuombi unisamehe upesi ili nipate kulala vizuri. Nataka tu ujue kwamba tangu siku ya kwanza kuna mtu aliyesema unaweza, na mimi nikamziba mdomo.

Haya naongeza chini: leo asubuhi nimeisoma barua hii ufukweni, mbele ya wanawake wote wa ndagala. Mmoja tu akauliza, "Na Saida anajua?"

Nikamwambia atajua kesho, gari la Nyanza-Lac likifikisha barua huko Kabonga.

Baki na afya yako, uliyoitafuta mwenyewe.

Mimi niliyekudanganya,
dada yako mkubwa