Upande wa Abiria

Jumapili, mwezi wa sita, 2013. Jua la baridi, upepo hakuna.

Leo nina furaha mpaka chakula kimenishinda. Jina langu lenyewe ni Furaha, kwa hiyo wengine watasema hiyo si habari. Leo ni habari.

Injini ya Fairlane imewaka, mbele ya watu wote.

Nianze na aibu yangu, maana bila aibu ile nisingekuwa na sherehe hii. Siku za wiki ninasuka nywele kwenye saluni moja Umbilo, hapa Durban. Jumamosi ninakwenda Mobeni, kwenye gereji ya Kaka Shabani, Mtanzania wa Tanga anayetengeneza magari ya zamani ya Kimarekani. Miaka miwili nimemshikia taa, nimemsafishia vipuri, nimemchemshia chai. Na mimi ni binti wa fundi! Lubumbashi, Papa alikuwa akitengeneza magari kama hayahaya ya wakubwa wa mgodi, na mimi nilishika spana kabla ya kushika kitana. Lakini hapa Durban watu wakinitazama wanaona kitana tu.

Mwezi uliopita Shabani alichoka na malalamiko yangu. Akanikabidhi Ford Fairlane ya mwaka 1965, mali ya Uncle Siva, mzee mmoja wa Sydenham ambaye klabu nzima ya magari ya zamani inamwita Uncle.

"Haya, dada wa saluni," akasema. "Waya za plagi zimechakaa, badilisha zote. Gari likifika kwenye mkutano wa klabu kwa miguu yake, benchi la pili ni lako. Likifika kwa kuvutwa, rudi kwenye rasta zako na mimi nipumzike."

Benchi la pili ni kazi ya kila siku, yenye mshahara. Ni mimi kuitwa fundi tena. Sikulala vizuri tangu siku ile.

Kazi yenyewe ilikuwa ya saa moja. Nikavua waya zote nane kwa mkupuo, bila kuziwekea alama. Papa angenipiga kibao cha mkono. Ila nilikuwa na uhakika wangu: daftari lake, nililotoka nalo Congo nimelificha ndani ya blauzi. Humo ameandika: "Ford V8. Bouji ya kwanza iko mbele, upande ya passager." Bouji ndiyo plagi, passager ndiye abiria. Chini yake kuna mpangilio wa moto, yaani zamu ya kila bouji kuwaka: moja, tano, nne, mbili, sita, tatu, saba, nane. Nilizijua namba hizo kabla sijaijua Baba Yetu. Mpaka leo nikisuka, vidole vinahesabu hivyohivyo.

Nikachomeka waya ya bouji ya kwanza upande wa abiria, mbele, na nyingine zikafuata. Nikawasha. Gari likakohoa, likapiga chafya ya moto kwenye kabureta, likanyamaza.

Jumamosi tatu liliendelea kunipigia chafya. Nilifungua kabureta mara mbili. Nilibadilisha koili. Nilimwaga mafuta nikatia mengine. Waya sikuzigusa, kwa sababu aliyeziandika ni Papa, na maandishi ya Papa hayakaguliwi.

Shabani alikuwa akipita akiimba. "Ukishindwa, niulize." Kuuliza si ujinga, najua. Lakini mimi niliona nikiuliza tu, benchi limekwenda. Kiburi kitaniua siku moja.

Jana mchana Uncle Siva alikuja kuliangalia gari lake, akalikuta bubu. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. Alisema tu kwamba kesho atatafuta mtu wa kulivuta, akaniambia niingie kwenye bakkie, pikapu yake ndogo, anipeleke nyumbani.

Nikachukua mkoba, nikazunguka, nikafungua mlango, nikakutana uso kwa uso na usukani.

Uncle alikuwa amesimama nyuma yangu na funguo mkononi. "Eish, Furaha, leo ni wewe unaniendesha?"

Miaka sita niko Durban. Nimezoea teksi, ambako naingia nyuma kama kila mtu. Lakini nikialikwa kukaa mbele, miguu yangu inarudi Lubumbashi, ambako dereva anakaa kushoto na abiria anakaa kulia.

Abiria anakaa kulia.

Nilisimama pale na mlango wazi mpaka mzee akaniuliza kama naumwa. Papa aliandika daftari lile kule. Abiria wake anakaa kulia. Abiria wa hapa anakaa kushoto. Fairlane ya Uncle imehamishwa usukani tu, kutoka kushoto kuja kulia. Injini haina habari na usukani, bouji yake ya kwanza imebaki kulia kama siku zote. Mimi nilikuwa nimeifunga injini nzima kinyume!

Nikamwacha Uncle palepale, nikakimbia ndani. Shabani alikuwa anafunga milango.

"Kaka, usifunge! Iko upande ingine!"

"Nini kiko upande mwingine?"

"Passager!"

Alinitazama kama mtu anayefikiria kuita ambulensi. Nikahamisha waya zote nane, safari hii kila moja na alama yake. Nikageuza ufunguo. Injini ikakamata mara moja, ikanguruma kwa sauti nzito na laini, Uncle akavua kofia. Shabani alisikiliza kichwa kikiwa upande, kisha akasema, "Kumbe." Mtu wa Tanga akikosa maneno, ujue amekubali.

Leo basi gari limefika kwa miguu yake kwenye mkutano wa klabu, maegesho ya ufukweni, boneti zote ziko wazi. Mkutanoni klabu hii ina desturi yake: gari lililofufuka haliwashwi na mwenyewe, linawashwa na fundi aliyelitengeneza, watu wakiwa wamelizunguka. Wote wakamgeukia Shabani, aliyekuja na ovaroli iliyopigwa pasi. Uncle Siva akampita, akaweka ufunguo kwenye kiganja changu.

Mbele ya watu wote hao, miguu yangu ikaenda kushoto.

"Dada, huo ni mlango wa abiria!" Shabani alipiga kelele, na maegesho yote yakacheka. Nilicheka kuliko wao. Nikazunguka mbele ya gari taratibu, sasa nikiwa na haki ya kutembea taratibu, nikakaa kulia, nikawasha. Mara moja tu. Makofi yalipigwa mpaka nikaona haya.

"Jumatatu saa moja na nusu," Shabani akasema dirishani. "Fundi hachelewi."

Fundi!

Nilimpigia Papa, nikaweka simu karibu na injini asikie. Kisha nikamweleza kosa. Akaniuliza:

"Sikuandika kuume?"

"Hapana, Papa. Uliandika passager."

Akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, wakati naandika, sikujua utafika mbali vile."

Kesho nitapitia saluni alfajiri kuacha funguo na kuaga. Lakini kabla sijaweka kalamu chini, nimefungua daftari lake, na chini ya mstari ule, kwa mwandiko wangu, nimeongeza neno moja: kulia.

Na kweli nimelia kidogo, lakini huko ni kulia kwingine.