Perpetua Hauzi Boma

Jumamosi, 15 Januari 1994

Betri ya televisheni imekufa tena. Baba Achieng ameifunga kwa baiskeli, ameipeleka Kombewa ichajiwe. Analalamika. Kipindi kiliisha Desemba, sasa tunachaji tuangalie nini? Habari, nimemjibu. Uongo mtupu. Bado natumaini watamrudisha Perpetua.

Nimepanga daftari langu. "Boma la Perpetua", sehemu ishirini na saba, kila sehemu na ukurasa wake, kwa mkono wangu. Sidhani kuna mtu mwingine Seme nzima aliye na kitu kama hiki. Najivuna, na kwa nini nisijivune? Ukurasa wa ishirini na nane uko mtupu. Walitukatia pabaya. Perpetua, mjane, amesimama langoni. Wazee wako mbele yake. Shemeji yake Ochola ameshika karatasi, anataka atie sahihi boma la marehemu liuzwe. Perpetua anafungua mdomo ajibu. Muziki. Kwisha.

Mama mkwe wangu hajapoa mpaka leo. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, anaona vivuli tu. Kila Alhamisi alikaa kwenye kiti chake karibu na mlango wangu, mimi nikimweleza kilicho kwenye kioo. Kabla ya Perpetua hatukuwa na maneno. Mimi Mmaragoli, Dholuo, lugha ya hapa, nikiizungumza watoto hucheka. Yeye Kiswahili chake alikiokota kwenye kwata za wafanyakazi wa reli Kisumu, mzee alipokuwa akifanya kazi huko. Tulisalimiana, tukaombana chumvi, basi. Perpetua ndiye aliyetufungua midomo. Siku moja katikati ya kipindi Mama akasema, "Hata mimi walinikujia hivyo." Sikuthubutu kuuliza.

Sasa kila wiki swali ni lile lile. Perpetua aliwajibu nini?

Jumamosi, 22 Januari

Haleluya! Baba Achieng amerudi kutoka Kisumu na kitabu cha katuni. Jalada lasema hadithi inaendelea pale televisheni ilipoachia. Nimekinyakua kabla hajavua viatu.

Jioni hiyo hiyo.

Nimekisoma mara mbili. Nimekasirika mara mbili. Huyu ni nani? Perpetua wetu ni mwanamke wa mabega, anaendesha baiskeli nyeusi ya mwanaume na gunia nyuma. Huyu wa katuni ana kiuno cha nyigu na viatu vya kisigino, kwenye matope ya ufukweni! Baiskeli haipo. Tena analia. Nimehesabu: picha kumi na nne za machozi. Katika sehemu ishirini na saba Perpetua hakulia hata siku ya mazishi. Ninayo kwenye daftari, sehemu ya pili, mstari wa tisa.

Nimemsomea Mama. Machozi nimeyaruka. Baiskeli nimeirudisha. Jibu lenyewe halimo, wamelisukuma toleo la pili. Mama amesema sawa, tutangoja.

Jumamosi, 5 Februari

Toleo la pili. Ametia sahihi.

Ametia sahihi! Ochola anampa karatasi, wakili mmoja wa Nairobi mwenye masharubu anamshika mkono, Perpetua anasema "Nimechoka, nichukue." Picha ya mwisho wako ndani ya gari. Boma linaonekana kwa nyuma, dogo, na kaburi la mumewe pembeni ya nyumba.

Nimekificha chini ya godoro. Nimemwambia Mama toleo la pili limechelewa mtamboni. Mwalimu wa miaka kumi na mmoja kazini, nadanganya mama wa watu. Lakini nitamsomeaje hiyo? Walimkujia hivyo, na yuko hapa mpaka leo, bomani mwake. Sitaki asikie Perpetua ameshindwa.

Jumatatu, 7 Februari

Nimesahihisha vitabu vyote viwili kwa kalamu nyekundu. Kumi na moja juu ya mia, na hizo ni za huruma. Halafu nimewaandikia wachapishaji. Kurasa tatu, makosa manane, kila kosa na sehemu yake ya televisheni kama ushahidi.

La nane ndilo linalonifurahisha zaidi. Wamechora kaburi la mume upande wa kushoto wa nyumba. Kushoto! Hapa mwanaume huzikwa kulia na mwanamke kushoto, kila mtu anajua. Mimi niliyeolewa tu najua. Nimeandika hivyo hivyo: "Hata mimi niliyeolewa tu najua." Nimetia sahihi, jina la shule, na muhuri nimeomba kwa mwalimu mkuu. Barua nzuri. Sijawahi kuandika nzuri kama hii.

Jumamosi, 19 Februari

Mvua iko karibu. Nimechukua jembe nikalime kile kipande kitupu pembeni ya nyumba ya Mama, ule upande usio na kaburi la baba mkwe. Miaka saba nakiona hakina hata mchicha. Sukuma wiki ingekubali pale. Sijainua jembe mara ya pili Mama akatoka akipapasa ukuta, akanifokea kwa Dholuo, maneno mengine sikuyaelewa. Nimeacha. Nimeudhika. Ningejua kosa langu afadhali.

Jioni ameniuliza kama katuni imefika. Bado, Mama.

Jumamosi, 5 Machi

Toleo la tatu. Barua yangu imo! Ukurasa wa wasomaji. Jina langu, shule yangu, Kombewa. Moyo uliruka. Halafu nikasoma.

Makosa saba wameyakata. Baiskeli, machozi, sahihi, hakuna. Wamechapisha la nane peke yake, na jibu chini yake: mchoraji wetu amezaliwa huko kwenu. Kulia na kushoto huhesabiwa ukiwa mlangoni mwa nyumba, ukitazama lango. Picha imechorwa kutoka langoni. Mwalimu aende akasimame mlangoni.

Nimetoka nje. Nimesimama langoni mwetu, nimeangalia nyumba ya Mama. Kaburi la baba mkwe liko kushoto kwangu. Miaka saba nalipita nikienda kumsalimia. Nilikariri maneno, sikuangalia kaburi. Ningempiga mwanafunzi kwa kosa hilo.

Jumatatu, 7 Machi

Katuni imefika shuleni kabla yangu. Ofisi ya walimu yote meno nje. Mwalimu wa darasa la tatu ameniuliza, kwa heshima kubwa, mimi chaki naishika kwa mkono gani. Nimecheka nao. Ndani nawaka. Naona aibu, na naona hasira zaidi, kwa sababu kwa yale saba niko sawa na hakuna atakayejua.

Jumanne, 8 Machi

Akina mama wa kanisa wamempelekea Mama habari. Zote. Kaburi, barua, na kwamba Perpetua aliuza boma zamani, tangu mwezi uliopita, mwalimu hakukusomea?

Nimempelekea uji. Ameupokea. Kila siku huniita nyar Maragoli, binti wa Maragoli, na mimi huitika kwa madaha. Leo hakuniita chochote.

Alhamisi, 10 Machi

Kiti chake karibu na mlango wangu kiko kitupu. Baba Achieng yuko Kisumu kazini. Sina wa kuzungumza naye. Naogopa. Nimeishi vizuri na huyu mama, na nimeharibu kwa mkono wangu.

Jumamosi, 12 Machi

Ameniita asubuhi. "Leta vitabu vyote. Soma kama vile vimeandikwa."

Nimesoma. Machozi yote kumi na nne. Visigino. Wakili na masharubu yake. Nimechoka, nichukue. Nimefika kwenye sahihi, nayo nimeisoma. Nilidhani atalia. Amecheka! Amecheka mpaka akajifuta kwa leso. Huyu si Perpetua, amesema, hawa wameiba jina tu. Mtu hawezi kuwa vile sehemu ishirini na saba halafu awe hivi. Alikuwa ananiambia mimi maneno yangu mwenyewe.

Halafu kicheko kikaisha. Akaniambia kaburi si kitu, hata watoto wa hapa hukosea. Kilichomuuma ni kufichwa. "Macho ndio imekufa, nyar Maragoli. Roho haijakufa."

Nimeomba msamaha. Nimepiga magoti, na mimi si mtu wa kupiga magoti.

Akanishika mkono, akanisimamisha mlangoni mwake, mgongo ndani, uso kwa lango. Mkono wa kulia, mzee. Mkono wa kushoto, kile kipande kitupu. Nikauliza mbona huwa hapandi kitu pale. Akaniambia.

Mzee hakuwa amemaliza hata mwaka kaburini. Shemeji zake walikuja asubuhi, wanne, na mnunuzi wao. Walimuuliza mbele ya watoto: utatoka lini? Hakuwajibu. Aliingia nyumbani, akatoka na jembe, akaenda upande wa kushoto akaanza kuchimba. Wakauliza unafanya nini. Akasema ninachimba kwangu. Nizikeni kwanza hapa, ndio muuze.

Kuchimbia mtu aliye hai kaburi hapa kwetu ni balaa, hata mimi najua hilo, na safari hii najua sawasawa. Mnunuzi alikimbia akaacha kofia. Shemeji walimsihi aweke jembe chini. Alichimba mpaka shimo likamfika magotini, akafukia mwenyewe, akaingia kupika. Hawakurudi tena.

"Wewe ulitaka kupanda sukuma kwa kitanda yangu," akasema.

Tumecheka wote wawili. Mimi nililia pia, sitaficha. Nimejivunia mambo mengi maishani, cheti changu, mwandiko wangu. Leo najivunia kwamba nimeolewa kwa huyu.

Jumapili, 13 Machi

Tumetoka kanisani. Mama alinishika mkono njia nzima, mbele ya wale akina mama wote, na alitembea polepole makusudi.

Betri imekufa. Hakuna aliyeulizia.

Mchana ameleta kiti chake karibu na mlango wangu. Nimefungua daftari, ukurasa wa ishirini na nane. Nimeandika kwa wino wa buluu, nikamsomea.

Sehemu ya ishirini na nane, ya mwisho. Perpetua hakusema neno. Aliingia nyumbani, akatoka na jembe.

Mama amesikiliza. Ameniambia niongeze kofia.

Nimeongeza.