Nimeng'oa Freti za Besi Yako

4 Machi

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mgongo umetulia, na wateja wamekumbuka kuja kuchukua magitaa yao. Mama msalimie sana. Mwambie nakula, nalala na sijakonda. Hilo la mwisho si kweli, lakini mwambie hivyo hivyo.

Mimi mwili mzima, roho ndiyo imebanwa. Chumba chetu sisi watumishi kiko chini ya jiko la hoteli, na dirisha lake linatazama magurudumu ya magari. Simu walizichukua siku ya kwanza, pasipoti iko kwenye droo ya meneja. Mkataba ni miaka mitatu na nimemaliza mmoja. Juzi nilimwomba ruhusa nije kuwaona, akacheka akasema hoteli haina likizo. Barua hii anaitoa dada wa dobi ndani ya furushi la mashuka, nawe jibu kwa anwani yake.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita alikuja kupumzika mwimbaji mmoja, mwanamke mwenye bendi yake kubwa. Alinisikia ukumbini nikipiga gitaa la besi kando ya piano, akaniita pembeni. Mpiga besi wake anaacha kazi. Tarehe ishirini Juni watarudi kutumbuiza kwenye harusi hapa hapa, na siku hiyo atanipima. Nikifaa, mwanasheria wake atamalizana na meneja, nami nitatoka humu. Sharti lake ni moja: anataka besi isiyo na freti, ile inayoteleza na kulia kama mtu.

Mjomba, kaa kitako kwanza. Nimeng'oa freti. Vile vyuma vya shingoni, vyote ishirini, kwa koleo la fundi umeme, kwenye besi uliyonipa wewe. Shingo imebaki na nyufa ishirini, nyuzi zinavuma kama nyuki kwenye mkebe, na kila noti ninayopiga ni ya mtu mwingine. Nisaidie kwanza, nitukane baadaye.

Mpwa wako


19 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Mgongo ulikuwa haujambo, ukauma upya niliposoma barua yako nikasimama ghafla. Mama yako mzima. Amesoma naye, akaniuliza freti ni nini. Nilipomweleza akasema, "Basi si zitaota tena?"

Besi ile niliipiga miaka ishirini na sita, mvua na jua. Halafu koleo la fundi umeme! Ungeuliza, ningekuambia upashe kila chuma moto kwa pasi ya kuchomelea waya, gundi ilainike, kitoke bila kubandua mbao. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Tafuta vibao vyembamba kama kadi, vyeupe, uvitie gundi kwenye kila ufa. Vyeupe ili mistari ibaki ikuonyeshe njia. Subiri siku nzima ndipo upige msasa, kwa urefu wa shingo na si kwa upana. Shingo ikiwa imepinda, kaza ule msumari mrefu wa ndani yake robo mzunguko, kisha uache ilale hadi kesho, maana mbao huelewa taratibu. Kidaraja cha juu, kile kinachobeba nyuzi karibu na kichwa, kichonge: sasa hakuna chuma cha kuinua uzi, kwa hiyo uzi ulale karibu na mbao, ipite karatasi tu. Nimekufungia humu nyuzi laini. Zile zenye mikwaruzo zitakula shingo kama msumeno. Halafu daraja la chini. Gusa uzi katikati yake bila kukandamiza, usikie ule mlio mwembamba, kisha kandamiza pale pale. Milio ikitofautiana, sogeza tandiko la uzi pale darajani mpaka ipatane.

Na usithubutu kuniomba kile kimashine cha kupimia sauti. Mashine ni ya viziwi. Unasema kuna piano ukumbini, basi mwalimu unaye. Maisha yangu yote nilipiga kando ya piano, na piano haidanganyi.

Mjomba wako, aliyekusamehe nusu


14 Aprili

Mjomba,

Shikamoo, na shikamoo nyingine ya besi. Mama hajambo? Miwani yake ilipona?

Besi imenyamaza, haivumi tena. Seremala wa hoteli alinipa gundi na msasa, nami nikasugua siku nne hadi kucha zikaisha. Mpishi wa keki ninayelala naye chumba kimoja anasema nikimaliza shingo nije nimsugulie visigino.

Ila noti zote ziko chini. Naweka kidole pale pale kwenye zile nukta nyeupe za ubavuni mwa shingo, na kila noti inatoka imenuna. Mpiga piano wetu anakunja uso. Tunamwita Profesa. Ana miaka kumi na mmoja humu, Mjomba. Mkataba wake ulikwisha zamani akatia saini mwingine, na mwingine tena, na siku hizi hata getini hafiki. Nilimuuliza kama hakumbuki nje. Akasema, "Nje kuna kelele."

Nimebakiza wiki tisa. Nakosea wapi?

Mpwa wako


29 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba, zote mbili. Mama yako hajambo, miwani imefungwa kwa uzi wa gitaa, kazi yangu hiyo.

Nimecheka hadi jirani akagonga ukuta. Kosa lako kila mng'oa freti hulifanya. Zile nukta zimekaa katikati ya nafasi, baina ya chuma na chuma. Zamani uliweka kidole nyuma ya chuma, na chuma ndicho kilichokutafutia noti. Sasa chuma hakipo, kidole chako ndicho chuma. Kiende kwenye mstari wenyewe. Pale kwenye nukta haiishi noti yoyote. Zifunike kwa utepe usizione tena. Na usichungulie shingo kutoka juu, jicho huona mstari umesogea.

Asubuhi, ukumbi ukiwa mtupu, bonyeza noti moja ya piano, ukanyage pedali iendelee kulia. Piga noti hiyo hiyo kwenye besi, usogeze kidole kidogo kidogo. Sauti mbili zikitetemeka baina yao, bado hujafika. Mtetemo ukinyooka, hapo ndipo. Rudia hadi mkono ukumbuke bila kuulizwa. Fuata piano, mwanangu. Ukishindwa kuamini sikio lako, amini piano.

Mjomba wako


9 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo! Leo nina haraka, furushi la mashuka linaondoka. Habari za nyumbani? Natumaini njema.

Imekubali! Kila asubuhi kwa muda wa saa mbili, noti moja moja, nikifumba macho. Mkono unakwenda wenyewe. Jana tulipiga wimbo mzima na Profesa akasema hasikii tena vyombo viwili. Dada anayeimba nasi hapa hotelini alilia, ingawa yeye hulia hata kwa vitunguu.

Siku kumi na moja zimebaki. Nimeanza kukunja nguo, najizuia, nakunja tena. Mwambie mama asimwambie mtu, lakini aandae kitanda.

Mpwa wako mwenye furaha


2 Julai

Mpwa wangu,

Natumaini u mzima. Sisi wazima. Tarehe ishirini imepita na hatujasikia. Mama yako alitandika kitanda tarehe ishirini na moja. Nilimwambia bendi haiendi nyumbani moja kwa moja, inakwenda kazini kwanza. Andika hata mstari mmoja.

Mjomba wako


5 Agosti

Mpwa wangu,

U mzima? Sisi tupo tu. Mama yako amefumua kitanda, akakitandika tena. Kama nimekukosea, nitukane, lakini andika.

Mjomba wako


30 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Mimi mzima. Mama namwomba radhi kwa kimya.

Sikuchukuliwa.

Walikuja kama walivyosema. Mpiga gitaa wao alibana kidude chenye taa kwenye kichwa cha besi yangu, akaniwekea nyuzi nne sawasawa. Akazikaza zote juu kidogo, nikadhani ndio mtindo wao. Tukaanza. Uzi mtupu, usioguswa na kidole, ulikuwa sawa, lakini kila nilipoweka kidole nilikuwa chini, tena si kwa kiasi kimoja, huku kidogo, kule sana. Yule mwimbaji alisimamisha wimbo mara tatu. Nami, Mjomba, nilikuwa nasikia wao ndio waliokosea. Nilisimama pale mbele yao nina uhakika kabisa. Hilo ndilo linaloniamsha usingizini.

Baadaye mpiga gitaa alikwenda na kidude chake kwenye piano yetu, akabonyeza noti moja baada ya nyingine. Taa nyekundu, nyekundu, nyekundu. Piano ile haijaguswa na fundi tangu kabla Profesa hajaja. Imeshuka, kila noti kwa kiasi chake. Karibu miezi miwili nimeufundisha mkono wangu kwenda mahali palipo sahihi kwa piano moja tu duniani, iliyo ndani ya geti hili.

Mwimbaji aliniambia kwa upole, "Mkono unao. Sikio ndilo wamelifungia humu." Nikawasaidia kubeba nyaya hadi kwenye basi lao.

Uliniambia piano haidanganyi. Uliniambia mashine ni ya viziwi. Nilikuamini wewe kuliko masikio yangu mwenyewe. Nina hasira, na sina pa kuipeleka isipokuwa kwako.

Mpwa wako


13 Septemba

Mpwa wangu,

Marahaba. Kosa ni langu.

Kwenye bendi yetu fundi wa piano alikuja kila Ijumaa na begi lake. Miaka yote ile nilimwona akiingia na kutoka, wala sikujiuliza hata siku moja kwamba huyo ndiye anayeifanya piano iseme kweli. Wewe uliomba msaada, mimi nikakupa majivuno yangu. Nisamehe. Nimelia mbele ya mama yako, na yeye hakunibembeleza, kwa haki yake.

Humu nimekufungia chuma chenye meno mawili. Kigonge gotini, shina lake uliweke mezani, kitatoa noti ya A, ile ya kweli. Weka uzi wako wa A kwa hicho, nyuzi nyingine uzipatanishe na huo kwa ile milio myembamba, kisha utafute kila noti kwa nyuzi zako mwenyewe. Nilikwenda dukani kukinunua mimi, niliyewacheka watu wa mashine. Mwenye duka alifurahi sana.

Jambo la pili. Mama yako ameichimbua nakala ya mkataba, tukaisoma kwa miwani moja, kwa zamu. Ukiacha kazi mwenyewe, pasipoti inakaa nao hadi mwaka wa tatu uishe. Ukizembea, wanaongeza miezi. Lakini wakikuondoa wao pasipo uzembe wako, ni lazima wakurudishie pasipoti siku hiyo hiyo na wakusafirishe hadi nyumbani.

Sikushauri chochote, ushauri wangu umeshatosha. Ila wewe piga sawa.

Mjomba wako


24 Oktoba

Mjomba wangu, na mama,

Shikamooni. Naandika kituo cha mabasi, nikiwa nimekalia begi. Huenda nikaitangulia barua hii, lakini nimezoea kuwaambia kwa kalamu.

Niliusoma mstari ule wa mkataba mara nyingi. Mpiga ngoma wetu aliwahi kupiga ovyo makusudi ili afukuzwe, akaongezewa miezi minane. Mimi sikupiga ovyo. Wiki tatu asubuhi nilikaa stoo ya mashuka na chuma chako, nikaufundisha mkono upya. Kisha nikapanda ukumbini nikapiga sawa, kila noti, kando ya piano ile.

Ilikuwa balaa. Wageni waliacha vijiko. Dada anayeimba hakujua amfuate nani. Jioni ya nne Profesa mwenyewe alikwenda kunishtaki kwamba ninaharibu muziki, na hakuwa na uongo, ndivyo anavyosikia. Meneja akaniita ukumbini mbele ya wote, akasema huo ni uzembe, ataniongezea mwaka.

Niligonga chuma, nikakiweka kwenye meza yake. Nikapiga A yangu, ikalala juu ya sauti ile bila mtetemo hata kidogo. Nikamwomba Profesa apige yake. Hata mhudumu wa vinywaji alikunja uso. Nikamwambia meneja, "Mzembe mtafute, lakini si mimi. Ita fundi wa piano, au endelea kunisikia hivi miezi yote iliyobaki."

Aliitazama piano, akanitazama mimi. Kumwita fundi ni kukiri kwamba kosa ni la piano yake. Akasema, "Ondoka kwenye hoteli yangu." Nikamwomba aandike kwamba ananiondoa yeye. Akaandika kwa hasira, kalamu ikatoboa karatasi, akafungua droo.

Leo asubuhi nilipokwenda kuchukua besi, Profesa alikuwa amekaa peke yake. Hakuwa na kinyongo. Aliniomba nimpigie A kwa mara ya mwisho. Nikapiga. Akabonyeza ya kwake, akasikiliza kwa makini huku amefumba macho, halafu akanitikisia kichwa kwa huruma.

"Bado uko juu, binti," akasema. "Ungekaa mwaka mmoja tu, ungeshuka."

Nilimwambia kwaheri, nikashuka ngazi, na nilipofika getini nikajikuta nakimbia, pasipoti nimeishika kwa mikono miwili na besi inanigonga mgongoni.

Mpwa wako