Neno Moja la Kiingereza na Mkono wa Fidelis

Jumapili, mwezi wa sita, Mbeya.

Baridi ya leo huwezi kumweleza mtu wa Dar akaelewa. Nimeamka majani ya uani yakiwa meupe kwa umande ulioganda, na bomba likagoma kutoa maji mpaka jua lilipokolea. Kanisani sikwenda. Nimekaa na soksi mbili mbili na kikombe cha chai ya tangawizi, na nyumba yenyewe imenyamaza kiasi kwamba namsikia jirani akifungua mlango wa kabati lake.

Naandika hapa kwa sababu sina wa kumwambia.

Zamani ningemwambia mama.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza kwenye sekondari moja hapa mjini, huu ni mwaka wa kumi na nne. Jumanne iliyopita nilikuwa kidato cha pili, tunafanya vitenzi vya wakati uliopita. Nikaandika ubaoni kwamba "leave" ikishapita inakuwa "left". Kuna binti anaitwa Esta, anakaa karibu na dirisha, kwa kawaida haulizi kitu. Siku hiyo akanyoosha mkono.

"Madam, 'he left' ni ameondoka. 'What is left' ni kilichobaki. Halafu 'left' tena ni kushoto. Sasa mtu akisema 'left' peke yake, tujue ameondoka au amebaki?"

Darasa likacheka. Mimi nilishindwa kucheka. Nikasema ni swali zuri, nitalijibu Ijumaa, nikafuta ubao kabla kengele haijalia.

Ukweli ni kwamba neno hilo nimekuwa nikilikwepa kwa miezi minane.

Miezi minane iliyopita tulimzika mama, kwetu Kihesa, Iringa. Baba alikufa siku nyingi. Mama alituzaa wawili tu: mimi mkubwa, na mdogo wangu Fidelis, ambaye anachimba dhahabu Chunya. Tulikuwa na grupu la WhatsApp la watu watatu, mama mwenyewe ndiye aliyelipa jina: Nyumbani. Kuandika kulimchosha, kwa hiyo alikuwa anatuma sauti. Kuku ametotoa vifaranga tisa. Upepo umeezua bati la mama Sikujua. Mbona mmenyamaza nyie watoto?

Jioni ya siku ya mazishi nilikuwa nimekaa jikoni Kihesa, katikati ya masufuria ya kuazima, simu ikaonyesha kale kamstari kadogo ka kijivu: Fidelis left. Simu yangu naitumia kwa Kiingereza. Siku hizi hata asiyejua Kiingereza anasema fulani amelefti, neno limeshakuwa letu.

Grupu likabaki na wawili. Mimi, na namba ya mama. Simu ya mama ninayo, iko kabatini, imezimwa, nimeifunika na kitenge chake.

Sababu ya Fidelis kutoka niliijua. Au nilidhani naijua. Na hili sijawahi kumwambia mtu yeyote.

Makaburini, ilipofika zamu ya watoto kutupa udongo, nilitangulia mimi, Fidelis akafuata. Akainama, akachota udongo kwa mkono wa kushoto. Nikasikia watu wananong'ona nyuma yangu, baba mdogo akakohoa. Na mimi, mbele ya padri na kwaya na Kihesa nzima, nikamshika kifundo cha mkono.

Nikamwambia, "Fide, mkono wa kulia. Hata leo?"

Akaniangalia. Udongo ukamporomoka vidoleni. Akajifuta kwenye suruali, akarudi nyuma ya watu bila kutupa kitu.

Mama alizikwa bila udongo wa mwanawe wa kiume.

Wanaotujua watasema nilizoea. Ni kweli nilizoea. Fidelis alizaliwa mtu wa mashoto na baba hakulikubali hilo hata siku moja. Kila tukikaa kula, baba alikuwa anachukua kitambaa, anauzungushia mkono wa kushoto wa Fidelis, kisha anaufunga kwa kamba ya katani. Mimi nilikuwa na miaka tisa, yeye sita. Kazi yangu ilikuwa kumwangalia mchana baba akiwa kazini, nikimwona anashika kijiko au chaki kwa kushoto, niseme. Na nilisema. Nilisema kila siku, mara nyingine hata siku ambazo sikuona kitu, kwa sababu anayesema alikuwa anaongezewa finyango la nyama.

Nimeliandika. Nilikuwa najiuliza kama nitaweza.

Baadaye Fidelis akaanza kusema ameshiba. Akishafungwa tu anasema ameshiba, anatoka nje. Nilimwona mkaidi.

Jumatano, kipindi changu kikiwa wazi, nilichukua ile kamusi nene ya maktaba yetu, ambayo gamba lake limeshikwa na gundi ya karatasi, nikamtafutia Esta jibu. Nikakuta kumbe si neno moja. Ni maneno mawili yasiyo na undugu wowote, yamekutana tu njiani yakafanana sura.

La mkono lilitokana na neno la kale la Waingereza lenye maana ya dhaifu, goigoi, kitu kisichofaa. Ndivyo walivyouita mkono huo. Wa pili wakauita "right", yaani sahihi, ulionyooka. Nikataka kuwacheka, nikakumbuka sisi wenyewe: mmoja ni mkono wa kulia, wa kulia chakula, na wa kushoto wazee wakauita mkono wa kike. Na mimi, mtoto wa kike, ndiye niliyewekwa kuulinda usifanye kazi.

Lile la kuondoka ndilo lililonikalisha chini. Mwanzoni kabisa halikuwa na maana ya kuondoka. Maana yake ya kwanza ilikuwa kuacha kitu kibaki. Aliyekuwa akitazamwa ni yule anayebaki. Karne zilipopita ndipo watu wakahamisha macho, wakaanza kumtazama anayekwenda.

Nilibaki na kidole kwenye ukurasa mpaka mwalimu wa Jiografia akaniuliza kama naumwa.

Ijumaa nikawaeleza wanafunzi hivyohivyo. Esta akaandika, akainua kichwa, akauliza kama basi kubaki ndiko kulikotangulia. Nikasema ndiyo. Akaridhika, akaendelea kuandika. Mimi ndiye niliyetoka darasani sijaridhika.

Jana nikaenda Chunya.

Sikumpigia kwanza. Niliogopa atasema nisije. Ukishavuka milima na kuanza kushuka upande wa pili unalivua sweta, na ukifika unatamani uvue na ngozi, kwa joto na vumbi. Niliulizia mara tatu ndipo nikaelekezwa kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, inayonguruma kiasi kwamba watu wanaongea kwa ishara. Fidelis alikuwa mweupe wa unga wa mawe kuanzia nywele mpaka kope. Aliponiona alisimama kidogo. Kisha akaja, akanipa shikamoo kama inavyompasa mdogo mtu, akachukua mkoba wangu, akatangulia kwenda nyumbani kwake.

Mkewe, Tumaini, alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Wifi karibu, wifi kaa hapa kwenye kivuli, wifi umekonda. Akapika ugali na mlenda na nyama ya mbuzi. Tukanawa. Fidelis akakata tonge kwa mkono wa kushoto, akala, wala hakuniangalia kuona kama ninamtazama. Mwanaume wa miaka thelathini na tisa anakula kwake.

Tumaini alipotoa vyombo akakaa hukohuko nje, nafikiri kwa makusudi. Nikamwambia Fidelis nimekuja kumwomba msamaha kwa yale ya makaburini. Na kwa yale ya utotoni, kwamba mara nyingine nilimsingizia. Nilikuwa nimejiandaa kusema mengi, yakaisha kwa sentensi mbili.

Alichokonoa kucha. Kisha akasema ya utotoni alishayaacha, nilikuwa mtoto. Akaniuliza kama najua alikuwa anakula wapi zile siku alizosema ameshiba.

Nikasema nilidhani hali.

"Jikoni," akasema. "Mama alikuwa ananifungua. Na yeye anakula kwa kushoto, tuwe wawili. Alikuwa hawezi, dada. Mchuzi wote unamwagikia kifuani. Tunacheka kwa kuziba midomo, baba asisikie."

Akautazama mkono wake wa kushoto.

"Ule mkono ndio niliokula nao na mama," akasema. "Ndiyo maana nilichota nao."

Naandika na bado sijui niuweke wapi huo uchungu. Miaka yote niliona mama anakula mwisho, jikoni, peke yake, nikadhani ndivyo mama walivyo. Sikuwahi kuinuka nikachungulia. Nilikuwa sebuleni na baba, na finyango langu la ziada.

Na niseme na hili, kwa sababu nikianza kujificha humu sitakuwa na pa kusemea: niliona wivu. Nimefikia umri wa miaka arobaini na mbili, mama yangu yuko kaburini, na nikamwonea wivu mdogo wangu aliyefungwa kamba, kwa sababu alicheka na mama mahali ambapo mimi sikuwepo.

Nikamwambia twende Kihesa, mimi na yeye tu, akatupe udongo wake. Akatikisa kichwa. Akasema amesikia kaburi limeshajengewa. Nikakumbuka. Mwezi wa nne nilimleta fundi, tukamwaga zege, tukaweka na vigae vyeupe, nikapiga picha. Fidelis sikumuuliza. Nilijiona mtoto mwema anayemtunza mama yake. Hakuna tena udongo wa kutupia wala pa kuutupia.

Kuna vitu ukishavifunika huwezi kuvirudia.

Nikauliza kuhusu grupu, kama atakubali nimrudishe. Akasema hapana. Hapo ndipo nilipogundua kwamba hata hilo nilikuwa nimelisoma vibaya.

"Sikutoka kwa sababu yako," akasema. "Nilitoka kwa sababu ya sauti zake. Nilikuwa najua nikikaa mle nitazisikiliza mchana kutwa. Ulikuwa umeniudhi, usidhani hukuniudhi. Lakini nilikuwa nasubiri unipigie."

Miezi minane. Mimi huku nasubiri arudi, yeye kule anasubiri nipige. Wote wawili tuna simu mfukoni.

Alinisindikiza mpaka stendi. Tumaini alikuwa amenifungia karanga kwenye mfuko, nikazipakata. Fidelis alisimama pembeni ya dirisha langu, mikono nyuma, mpaka gari lilipoanza kutembea. Hakusema amenisamehe. Wala mimi sikumuuliza, niliona sina haki ya kumharakisha. Nilipogeuka kumtazama alikuwa ameshaelekea kwenye karasha.

Nilipofika Mbeya nilimpigia kumwambia nimefika salama. Hakupokea. Nikajiambia ni kelele za mashine. Nikalala na hilo jibu, na sikulala vizuri.

Leo, kama saa kumi jioni hivi, nikiwa namenya viazi, akapiga yeye.

Akasema ameona nilipiga. Nikasema ndiyo, nilitaka kumwambia nimefika. Akasema haya. Akauliza kama Mbeya kuna baridi, nikasema ipo. Nikauliza kama kwao kuna joto, akasema lipo. Baada ya hapo maneno yakatuishia kabisa. Nilimsikia anavuta pumzi. Nilisikia kuku kwa jirani yake, na Tumaini anamwambia mtu aingie ndani. Nilisubiri akate. Hakukata. Na mimi sikukata. Nilikaa na kiazi nusu mkononi, maganda yananing'inia, namsikiliza mdogo wangu akiwa hana la kuniambia, mpaka salio lake likaisha na laini ikajifunga yenyewe.

Nilikaa pale jikoni mpaka maji ya sufuria yakakauka.

Sijui kama huko ndiko kusamehewa. Vitabu vyangu havinisaidii katika hilo. Najua tu kwamba kwa muda ule nyumba hii haikuwa na mtu mmoja tu.

Jumapili ijayo nitapiga mimi, na nitaweka salio la kutosha kwa watu wasio na la kusema.